Umetoka kwenye Boxer umenunua pikipiki kubwa? Pita hapa kwanza

Wakuu, mimi nimeendesha Boxer 150 miaka sita hapa Dar, nikajiona nimeshahitimu. Juzi kati nikajichanga nikachukua Royal Enfield Himalayan ile ya cc 411, ya mkononi, nikijua kazi itakuwa kuzoea mwendo tu. Mwendo wala haujanisumbua. Kilichonitoa jasho ni pikipiki ikiwa imesimama, au inatembea mwendo wa mtu na miguu.

Boxer ina kilo 120 na kitu, hii inakaribia 200. Siku ya kwanza naingia sheli, taratibu kabisa, nimekata usukani kulia kuifuata pampu, nikabana breki ya mbele kama nilivyozoea. Sasa Boxer yangu mbele ilikuwa breki za shuu, unabana weee ndo inaanza kushika, hii ina diski ya milimita 300, ikashika palepale na usukani bado umekatwa, nikaweka mguu kuizuia, wapi! Ikalala polepole kama ng'ombe aliyechoka, watu wote wa pampu wanaangalia.

Kwahiyo ukiwa mwendo mdogo na usukani umekata, vidole toa kabisa kwenye breki ya mbele, tumia ya mguu. Ya mbele ibane pale tu usukani ukiwa umenyooka. Na kabla hujasimama uwe umeshaamua mguu gani unashuka, mi nashusha wa kushoto, wa kulia unabaki kwenye breki. Ila angalia unaposhushia, sisi tunapita kushoto na lami imeinamia mtaroni, ukijisogeza pembeni kumpisha mtu unakuta chini ni mbali kuliko ulivyotegemea, halafu kuna mchanga. Kwenye Boxer hili wala hulijui maana iko chini na nyepesi, ukikosea unaidaka.

Ikishalala usiinyanyue kama gunia la mkaa, utaharibu kiuno. Zima, toa ufunguo. Kama imelalia kulia fungua stendi ya pembeni kwanza maana iko kushoto, hapo ukiisimamisha inapata pa kuegemea, usipofungua inaweza kukupita ikalalia upande wa pili. Weka gia tairi lisizunguke. Halafu ipe mgongo, makalio kwenye siti, mkono mmoja kwenye usukani mwingine kwenye keria, usukume kwa miguu ukirudi nyuma hatua ndogondogo. Mimi siku hiyo nilisaidiwa na dereva wa bajaji, haya nimefundishwa na fundi baadae.

Dawa yake ni mazoezi, na sio barabarani. Jumapili asubuhi nenda kiwanja cha mpira kabla watoto hawajafika, panga chupa za maji umezijaza mchanga, zunguka. Klachi usiiachie yote, icheze pale inapoanza kuvuta, mafuta kidogo yasiyopanda na kushuka, breki ya mguu unaigusa tu kwa mbali. Na kichwa kigeuze uangalie unakokwenda, ukiangalia chupa utaikanyaga chupa. Mimi ilinichukua Jumapili tatu kugeuza bila kushusha mguu na jasho lilinitoka kuliko safari yoyote.

Barabara kubwa ni rahisi zaidi, sijui kwanini watu wanaiogopa kuliko sheli. Nimeenda nayo Morogoro, ule uzito sasa unakuwa rafiki, imetulia. Kitu kimoja tu, basi likija mbele yako linakusukumia upepo, na wewe ukikaza mikono ndo unaiyumbisha mwenyewe. Bana tenki kwa magoti, mikono iwe laini, iache ijinyooshe. Vibao vya 50 uviheshimu sana, maana hii ukiwa 80 unahisi kama 50 ya Boxer, nimeshtukia trafiki kaninyooshea mkono na mimi najiona natembea tu.

Abiria msubirishe. Ukishanunua mtaa mzima utataka lifti, na mtu wa kilo 80 akipanda nyuma yale yote ya kwenye chupa yanaanza upya, tena anapanda bila kukuambia, anakanyaga futresti upande mmoja na wewe hujaweka miguu chini yote miwili. Mimi jirani yangu nimemwambia nikifikisha mwezi wa pili nayo ndo tutaongea, kanuna mpaka leo.