Feni ya laptopu kuvuma ukicheza gemu

Pole mdogo wangu. Umesema laptopu yako ina miaka mitatu, haijawahi kufunguliwa, na ukicheza gemu usiku feni inavuma mpaka mwenzako wa chumbani halali. Nami niko Tabora, Isevya, na kwa vumbi letu la kiangazi nakushauri uanze na usafi kabla ya kugusa programu yoyote.

Zima, chomoa chaja, fungua mfuniko wa chini, kisha chomoa betri. Vumbi baya zaidi huganda kama blanketi kati ya feni na vile vibati vyembamba vya kutolea joto, na hapo hewa haipiti hata feni izunguke vipi. Tumia brashi laini, au blowa ya fundi, lakini shika mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke, maana upepo ule huyakimbiza kupita kiasi na kuharibu beringi. Niliua feni moja hivyo, iliniuma sana. Mwambie fundi abadilishe pia ile dawa ya kijivu juu ya prosesa. Ikikauka, joto halihami vizuri.

Halafu, kwenye mipangilio ya gemu, weka kikomo cha fremu (picha zinazochorwa kwenye skrini) 60 kwa sekunde. Kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, shusha kiwango cha juu cha prosesa kutoka asilimia 100 hadi 99. Kwa laptopu nyingi hiyo huzima ile kasi ya ziada ya prosesa (turbo boost), na joto hupungua papo hapo.

Usiiweke kitandani; inua nyuma kwa vizibo viwili vya chupa. Ukishasafisha, tuambie joto la prosesa linasoma nyuzi ngapi.