Hatari unaijua, mbona bado unaachilia free, gari bila gia kwa mteremko?

*Nimeteremka Sachangwan free na trela miaka 9, sijawahi kugusa mtu. Mbona mnatutisha? – Dereva, Salgaa*

Ndugu yangu, hiyo miaka 9 ndio inanitia wasiwasi. Kila ukifika chini salama roho inazoea, na mwishowe ukiulizwa kama free ni hatari unasema ndio kabisa, lakini moyoni ni hatari ya dereva mwingine, yule asiyejua barabara. Mimi pia nilikuwa hivyo. Siku moja nimetoka Kitale na mahindi, nikaachilia free pale juu ndio nibakishe lita chache za mafuta za kuuza, kufika katikati nasikia harufu ya breki imeungua, nakanyaga mpaka mwisho gari haipungui, maana ukiwa free injini haishikilii chochote, mzigo wote unalala kwa breki na drum zikishachemka hazishiki. Nilipona kwa sababu mbele hakukuwa na gari, basi. Na wiki mbili baadaye niliachilia free tena, kwa sababu nilijiambia sasa nimejua kuicheza. Chagua gia nzito ukiwa bado juu, kabla mteremko haujaanza.

*Bwanangu analipwa kwa tripu. Nimwambie nini apunguze mwendo? – Mama wawili, Kisumu*

Mama, yeye hatari anaiona vizuri, ila karo na kodi anaziona karibu zaidi. Anayefaa kuambiwa ni tajiri wake: akilipa mshahara wa mwezi hiyo haraka inapungua yenyewe. Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu kila ajali ikitokea dereva ndiye analaumiwa peke yake.

*Kwa nini baada ya ajali kubwa watu wanaendesha polepole halafu wanarudia? – Mwalimu, Kericho*

Hofu inapoa. Londiani, tarehe 30 Juni 2023, lori liliingia kwa matatu na wachuuzi junction, wakafa zaidi ya 50. Siku chache baadaye malori yalikuwa yanatambaa hapo. Leo pita uone.

*Dereva wangu akisinzia anatafuna veve (miraa). Nifanye? – Tanboi, Eldoret*

Veve inafungua macho tu kijana wangu, uchovu uko palepale. Mwambie aweke gari kando alale hata dakika 20, na akikataa, shuka.