Mstari wa chaki sakafuni

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza: shule ya awali ya umma iliyo katika jengo lililochakaa ikarabatiwe, ibomolewe ijengwe upya, au watoto wahamishiwe kwingine? Nimelisoma mara tatu na limenigusa penye kidonda. Nilikaa miaka minne kwenye kamati ya wazazi ya shule ya namna hiyo, na swali hilo tulilijadili mpaka tukachoka. Kuna jingine ambalo hatukuliuliza hata siku moja: katika miaka yote ya kusubiri uamuzi, watoto wanakaa wapi?

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa kukarabati. Jengo kuwa kuukuu si kosa. Maria Montessori, daktari wa Kiitaliano aliyegeukia malezi na elimu ya watoto wadogo, alifungua shule yake ya kwanza, aliyoiita Nyumba ya Watoto, tarehe 6 Januari 1907, katika jengo la wapangaji kwenye mtaa wa maskini wa San Lorenzo, Roma. Wenye majengo walikuwa wameyakarabati, wakataka watoto wadogo wapate pa kushinda wazazi wakiwa kazini, wasije wakayaharibu tena. Hakungoja kujengewa jumba. Tena mtoto wa miaka minne haendi shule peke yake, anapelekwa. Ukiihamisha shule mbali, umeivuruga siku nzima ya mama, bibi au dada anayempeleka, na wapo watakaoona afadhali abaki nyumbani. Hayo niliyasema mkutanoni, na kwa sauti kubwa.

Sasa niwaeleze kuhusu ule ufa.

Darasa la mwanangu lilikuwa na ufa ulioanzia kona ya dirisha na kupanda kwa mshazari kuelekea darini. Mzee mmoja akatukumbusha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi sote tukaitikia. Akaletwa fundi, akapiga plasta, akaondoka. Mvua zilipokwisha, ufa ukawa umerudi palepale. Gata iliyokuwa juu yake ilikuwa imekatika, na maji ya paa yalimwagika yote kwenye kona moja ya msingi. Udongo wa mfinyanzi ukilowa huvimba, ukikauka hunywea, na ukuta uliosimama juu yake hauna budi kuufuata. Tulikuwa tunaziba juu huku jambo lenyewe liko chini.

Mwalimu wa darasa lile aliliona kabla yetu. Kila mwisho wa muhula aliweka alama ya penseli kwenye ncha ya ufa na kuandika tarehe pembeni. Akatuonyesha, nasi tukaomba gata. Tukajibiwa kwamba jengo linatarajiwa kubomolewa, na fedha za umma haziwezi kuwekwa kwenye jengo la kubomolewa. Jibu lilisikika kuwa la busara. Tulipewa jibu hilo mwaka wa kwanza, tukapewa wa pili, na wa tatu tukapewa tena kwa maneno yaleyale. Jengo halikubomolewa wala halikutengenezwa.

Mwalimu hakubishana na mtu. Alichukua chaki akachora mstari sakafuni, hatua moja kutoka ukutani, akawaambia watoto kwamba upande ule hatukai. Muhula uliofuata akausogeza. Mikeka ya kulalia ikasogezwa, kabati la vitabu likasogezwa, vikapu vya vibao vya kuchezea navyo vikafuata. Mwishowe watoto zaidi ya thelathini walikuwa wamebanana nusu ya darasa, na nusu ya pili i tupu, imefagiliwa, jua la dirishani linaipiga. Siku moja niliwahi kumchukua mwanangu nikasimama mlangoni. Mpira ulibingirika ukavuka mstari. Watoto wote wakanyamaza, hakuna hata mmoja aliyeufuata. Mwalimu akaenda mwenyewe, upesi, macho yake juu ukutani, akaurudisha, na mchezo ukaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Majuma machache baadaye nilimkuta mwanangu sebuleni na kipande cha chaki. Alikuwa amechora mstari kandokando ya ukuta, akakaa upande wa ndani na vitu vyake vyote. Nikamuuliza anacheza mchezo gani. Akasema hachezi. Kisha akaniuliza kwa nini nyumba yetu haikuwa na mstari.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kutetea ukarabati hadi mwisho. Nimefika hapa, na nguvu hiyo sina tena kama mwanzo. Maana kukarabati kwenyewe si kazi ya kufanyika watoto wakiwa darasani. Ukikwangua rangi ya zamani yenye madini ya risasi, ambayo ni sumu, vumbi lake linaingia vidoleni na midomoni mwao, na Shirika la Afya Duniani linasema mtoto mdogo huweza kufyonza risasi aliyoimeza mara nne hadi tano ya mtu mzima. Paa la asbesto, ambalo vumbi lake hudhuru mapafu, likiwa zima lina nafuu. Hatari yake kubwa ni pale fundi anapolikata au kulitoboa. Na wapo wanaosema tuongeze ghorofa juu ya jengo la zamani, tumalize shida ya nafasi. Kule San Giuliano di Puglia, Italia, shule iliyokuwa imeongezewa ghorofa iliporomoka katika tetemeko la Oktoba 31, 2002, ikaua watoto 27 na mwalimu mmoja. Mengi ya majengo ya jirani yalibaki yamesimama.

Kwa hiyo hata mimi, mtetezi wa kuta za zamani, inanibidi nianze na kuwatoa watoto. Wahamishwe. Nalisema hilo kwa uzito, na kwa masharti: wapelekwe mahali ambapo miguu midogo inaweza kufika, mwalimu wao aende nao, na tarehe ya kurudi, au ya kuhamia jengo jipya, iandikwe na kutiwa saini kabla kiti cha kwanza hakijabebwa. Mhandisi akipima na kusema msingi unafaa, nitakuwa wa kwanza kudai jengo likarabatiwe na watoto warudi. Akisema haufai, libomolewe, nami nitanyamaza, ingawa itaniuma. Asiwepo tu mtu wa kutuambia tena kwamba uamuzi unasubiriwa.

Na gata itengenezwe wiki hii, hata kama jengo litabomolewa mwezi ujao.

Msomaji wenu