Februari Tromsø: nyangumi wameshaondoka

Msomaji anayeishi Oslo ameniandikia kuuliza kama likizo yake ya Februari inafaa kwenda Tromsø, mji wa kaskazini mwa Norwe, kutazama nyangumi. Haifai, na sababu ni samaki. Orka (nyangumi wauaji) na nyangumi wa nundu huingia kwenye fyodi, yaani ghuba nyembamba zenye kuta za milima, za kaskazini mwa Norwe wakifuata heringi, samaki wadogo wa makundi makubwa, wanaokuja kupitisha majira ya baridi humo. Msimu wenyewe ni Novemba hadi Januari. Baada ya hapo heringi huelekea kusini kutaga mayai pwani ya Møre, magharibi mwa Norwe, nao wanyama hutawanyika. Nyangumi wa nundu wengi huenda kuzaliana hadi Karibiani.

Heringi hawana makao ya kudumu. Miaka ya 1990 walijaa fyodi ya Tysfjord, kusini zaidi, baadaye wakasogea karibu na Tromsø yenyewe, na tangu mwaka 2017 hivi wamekuwa wakijikusanya fyodi ya Kvænangen, jirani na mji mdogo wa Skjervøy. Ndiyo maana meli ya Tromsø hutumia saa tatu na zaidi kufika walipo nyangumi, na saa hizohizo kurudi. Mwanga wa Desemba ni wa saa nne asubuhi hadi saa nane mchana tu, jua halichomozi kabisa. Afadhali ulale Skjervøy, mwendo wa kama saa nne kwa gari, utoke na boti ndogo. Na kabla ya kulipa, uliza heringi wako wapi msimu huu. Habari za mwaka jana hazitoshi.

Kwa Februari, nenda Andenes, mji wa pwani kusini-magharibi mwa Tromsø. Karibu na pwani yake kuna korongo la chini ya bahari la Bleik, lenye kina cha zaidi ya mita 1,000, na kashaloti madume (nyangumi wakubwa wenye meno na kichwa kikubwa) hula huko mwaka mzima. Majike na watoto hubaki maji ya joto. Nahodha huteremsha maikrofoni ya majini kusikiliza milio ya madume hao ya kugonga. Milio ikikatika, mnyama anapanda. Hupumua juu kwa dakika kama 10, kisha hukunja mgongo, huinua mkia na kuzama nusu saa au zaidi. Mgongo ukikunjwa, kamera iwe tayari jichoni. Adui wa Februari ni upepo: ukipita mita 10 kwa sekunde, safari nyingi huahirishwa, kwa hiyo tenga siku tatu.

Jifunze kusoma pumzi kwa mbali, yaani mvuke ambao nyangumi hurusha akipumua. Ya kashaloti hulala mbele, upande wa kushoto. Ya nundu ni kichaka kifupi cha mvuke, kama mita 3. Ya minke, nyangumi mdogo, haionekani kirahisi, na wengi humpita bila kujua. Orka dume hutambulika kwa pezi la mgongoni linalokaribia mita 2.

Nyangumi wa Aktiki, yaani beluga (mweupe), narwali (mwenye jino refu kama pembe) na nyangumi wa kichwa cha upinde, hawana pezi hilo, pengine kwa kuwa huogelea chini ya barafu. Hao usiwatafute Tromsø. Beluga ni Churchill, Kanada, Julai na Agosti, na hakuna barabara: ni treni au ndege. Narwali ni Pond Inlet, kaskazini kabisa mwa Kanada, ukingoni mwa barafu, Mei na Juni, kwa gharama kubwa mno.

Mavazi: sufu mwilini, kamwe si pamba, maana pamba ikilowa jasho inakugandisha. Viatu viwe vipana kidogo ili soksi mbili zisibane vidole. Dawa ya kichefuchefu imezwe saa moja kabla, si ukishaanza kutapika. Kwenye boti ya mpira kaa tezi; omo hurushwa na mawimbi, na mwenye maumivu ya mgongo au mjamzito asiipande kabisa. Betri za akiba ziwe mfuko wa ndani, karibu na mwili. Gizani, shata (kasi ya kupiga picha) isishuke chini ya 1/500 ya sekunde na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ipande hadi 3200 au 6400. Kamera ifungwe kwenye mfuko wa plastiki kabla ya kuingia chumba chenye joto, la sivyo lenzi itajaa unyevu.

Namsihi kila msomaji amchague nahodha kwa makini kuliko anavyochagua hoteli. Orka huwazungushia heringi duara, wakawabana, kisha wakawapiga kwa mikia. Boti ikipita katikati, kundi la samaki linapasuka na kazi yote ya orka inapotea. Nahodha mzuri hukaribia kutoka ubavuni, polepole, halafu hutoa gia na kungoja. Muulize kwa barua pepe jinsi anavyokaribia wanyama wakiwa wanakula. Asiyejibu swali hilo, usimpe pesa yako.