Kabla Hujaziba Mipira kwa Skrubu

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Corolla ya kabureta ya mwaka 1990, naitumia kati ya Nyegezi na mjini. Siku hizi sailensi, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, inapanda na kushuka yenyewe, na nikifungua boneti nasikia hewa inafyonzwa upande wa manifoldi, bomba la kuingizia hewa kwenye injini. Plagi ni mpya, kabureta imesafishwa. Fundi wa mtaani kanionyesha kidude cha plastiki chenye vimirija vitatu, kimoja kimekatika. Anasema tuivue mipira yote ya hewa inayochomekwa hapo tuizibe kwa skrubu, gari litatulia. Nimkubalie?
Msomaji, Nyegezi, Mwanza

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimkubalie. Hakudanganyi, litatulia, lakini litatulia likiwa limesimama. Siku ukipandisha kilima cha Bugando umejaza watu, injini itaanza kugonga na utarudi kulaumu petroli.

Kidude hicho ni themovalvu. Ni koki inayofunguliwa na joto badala ya mkono: ncha yake ya chuma imezama kwenye maji ya injini, na ndani kuna nta inayotanuka au kisahani cha metali mbili kinachopinda. Maji yakipata moto, njia moja ya mvuto wa hewa inafunguka, au nyingine inafungwa. Mvuto huo, mafundi tunauita vakyumu, ndio unaoamrisha valvu ya kurudisha moshi kwenye injini, na kwa magari mengine hata mkao wa distribyuta, kile kinachogawa moto kwa plagi. Ikikwama wazi, gari linazimazima asubuhi kabla halijapata moto. Ikikwama imefungwa, moshi haurudi, joto la ndani ya silinda linapanda, ndiyo hiyo milio ya mlimani. Yako imekatika kimirija, kwa hiyo inavuta hewa ya wizi na kuharibu mchanganyiko wa kabureta. Hapo kusafisha kabureta ni kupoteza hela.

Nenda dukani na hiyo ya zamani mkononi. Zinafanana sana, lakini kila moja ina joto lake la kufunguka, kwa hiyo linganisha namba iliyochapwa, rangi, idadi ya vimirija na uzi. Ya mtumba usilipie kabla hujaipuliza. Chomeka kimpira, puliza ikiwa baridi, uone hewa inatokea wapi. Halafu omba maji ya moto kwa mama ntilie wa jirani, zamisha ncha ya chuma peke yake, vimirija vibaki juu, subiri kidogo, puliza tena. Njia ya hewa lazima ibadilike. Isipobadilika, mrudishie muuzaji, hata akikuapia. Na usihofu kwamba maji ya Mwanza yanachemka mapema kidogo, kwenye nyuzi 96 hivi kwa sababu ya mwinuko wetu. Valvu hizi hufunguka chini sana ya hapo.

Kuifungua, injini iwe imepoa kabisa. Mwaga kulanti, yaani maji ya kupozea injini, kwenye ndoo safi mpaka kina kishuke chini ya valvu. Piga picha ya mipira kwa simu, kisha funga kila mpira kipande cha utepe chenye alama, maana ukibadilishana miwili tu gari litakuwa bovu kuliko lilivyokuja. Mpira uliokakamaa usiuvute. Uchane kwa wembe, ununue mwingine, ni bei ya soda. Hapo ndipo vimirija vingi hukatikia, na nadhani hata chako kilikatwa na mkono wa mtu mwenye haraka.

Spana ishike nati ya chuma, si plastiki. Koleo liache kwenye boksi. Safisha uzi, paka gundi ya kuzibia uzi kidogo ukiacha mizunguko miwili ya mwanzo ili isiingie kwenye maji, anza kukaza kwa vidole, malizia na spana bila kujionyesha nguvu. Manifoldi ni aluminiamu, na uzi ukiliwa utamtafuta mtu wa kerezo badala ya fundi. Rudisha kulanti, washa injini huku rejeta ikiwa wazi mpaka hewa iishe, ongeza, funga. Sailensi irekebishwe mwisho, kwa sababu huenda mtu alishaipandisha kuficha ugonjwa.

SWALI: Fundi, huku Magu maji ya ziwa ni ya bure. Kuna ubaya kuyatia kwenye rejeta?
Msomaji, Magu

JIBU: Upo. Yana tope na yanaleta kutu, na uchafu huo huganda kwenye ncha ya themovalvu na kwenye themostati, ile inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta yakipata moto, vikaanza kusoma joto kwa kuchelewa. Kinga maji ya mvua, changanya na kulanti kama chupa inavyoelekeza. Ukikwama barabarani, tia ya ziwa ufike nyumbani, kisha kesho yake uyamwage yote.