Asubuhi inawaka, ikipata moto inagoma: sikiliza stata kwanza

Mkuu, nimesoma maelezo yako. Gari ya petroli ya zamani, asubuhi inawaka bila shida. Ukitembea nayo ikapata moto ukaizima, ukirudi baada ya robo saa inagoma. Ikipoa inawaka kana kwamba haikuwa na neno. Umeshaweka betri mpya na plagi mpya, tatizo liko palepale. Ila hukusema jambo moja: ikigoma, stata (mota ya kuwashia) inazungusha injini au haizungushi? Hayo ni magonjwa mawili tofauti, na plagi hazihusiki hata kidogo na lile la kutozunguka.

Tuseme haizunguki. Unasikia "tak" moja halafu kimya, au injini inajikokota. Wengi hukimbilia betri. Betri iliyojaa na kupumzika inasoma kama volti 12.6, lakini namba hiyo peke yake haitoshi; pima wakati mtu anapiga stata. Ikishuka chini ya 9.6 hivi, betri imechoka au stata inakula umeme kupita kiasi. Ikibaki 11 na kitu huku stata bado inajikokota, umeme upo ila haufiki. Kwenye gari za zamani mimi huanzia hapo.

Waya wa hasi, ule wa athi unaotoka kwenye betri kwenda kwenye bodi na injini, huoza kwa ndani. Chomoa fyuzi ya pampu ya mafuta au soketi ya koili (inayotengeneza umeme wa cheche za plagi) ili isiwake. Weka mita kwenye volti za DC. Ncha moja iguse nguzo yenyewe ya betri, ile risasi, si kibano kilichoikaba. Nyingine iguse chuma cha injini pasipo na rangi wala grisi. Mtu apige stata, wewe soma. Isizidi volti 0.5, na waya mzima kabisa hutoa 0.2 au pungufu. Wangu ulitoa 1.8, na kwa macho ulikuwa safi, nati zimekazwa barabara. Nilipochana mpira karibu na kibano nikakuta unga wa kijani na nyuzi chache za shaba zilizobaki. Shaba ikipata moto, ukinzani wake huongezeka, kwa hiyo waya unaojikongoja asubuhi unashindwa kabisa injini ikichemka. Upande wa chanya pima vilevile, kutoka nguzo ya betri hadi bolti kubwa ya stata.

Huna mita? Chukua waya wa kubustia, unganisha hasi ya betri na chuma cha injini moja kwa moja. Ikizunguka kwa nguvu, tatizo ni athi. Nyaya zote zikiwa nzima, ndipo ushushe stata ikaguliwe brashi (vipande vya kaboni vinavyopitisha umeme ndani yake) na solenoidi (swichi yake kubwa ya umeme). Na kama ni otomatiki, jaribu kuwasha ikiwa N badala ya P kabla ya yote. Ile swichi ya gia nayo huchoka.

Sasa kama inazunguka vizuri ila haishiki, kagua papo hapo ingali moto. Ukingoja ipoe, huoni kitu. Jaribu cheche: chukua plagi ya akiba, ivalishe waya wa plagi, ilaze chuma chake kwenye injini, usiishike kwa mkono, na pasiwe na petroli iliyomwagika karibu. Cheche iwe ya buluu na yenye mlio. Ikiwa ya njano na legevu, au hakuna kabisa, shuku koili. Kwenye gari ya injekta (inayopuliza mafuta kwa umeme, isiyo na kabureta) tazama pia mshale wa mizunguko ya injini (RPM) wakati stata inazunguka: kwenye nyingi, ukilala sifuri bila kutikisika, sensa ya kranki, ile inayosoma mzunguko wa injini, ndiyo ya kwanza kushukiwa. Sensa hizo zina tabia ya kufa zikipata moto na kufufuka zikipoa, jambo linalofanana sana na kisa chako.

Cheche ikiwepo, nenda kwenye mafuta. Kabureta hupata joto injini ikizimwa, petroli inachemka na kumwagikia ndani, injini inalewa, yaani petroli inazidi hewa. Kanyaga mafuta hadi chini, usipampu, kisha piga stata isiyozidi sekunde kumi. Ikikohoa ikatoa moshi mweusi na kuwaka, umepata jibu. Kwa injekta, fungua swichi usikilize pampu: nyingi huvuma kama sekunde mbili. Ifungue na kuizima mara tatu, kisha washa. Ikishika kwa njia hiyo tu, presha inavuja kwenye vali ya pampu au kwenye injekta.

Kesho iendeshe hadi ipate moto, izime, kisha urudi uandike hapa: inazunguka au haizunguki, volti za betri na za athi wakati wa stata, na kama ni kabureta au injekta. Mpaka hapo usinunue kingine.