Daktari wa mifugo anajibu: mbwa mdogo ndani ya fleti

SWALI: Daktari, pokea salamu zangu. Ninaishi na wanangu wawili katika fleti iliyo ghorofa ya tatu, Upanga, Dar es Salaam. Hivi karibuni tulipewa mtoto wa mbwa wa aina ya Maltese, ambaye sasa ana umri wa miezi mitatu. Anakojoa kila mahali, na tangu mwanangu mkubwa aanze kumchapa kwa ndala na kumsugua pua kwenye mkojo, amekuwa akijificha nyuma ya kochi kufanya haja zake. Tukitoka asubuhi hubweka hadi majirani wanalalamika. Chakula chake ni ugali na mchuzi wetu. Je, mbwa wa aina hii hafundishiki?
Mama wa wawili, Upanga

JIBU: Anafundishika sana, mama, na tayari amejifunza jambo moja kutoka kwa mwanao: kwamba kukojoa mbele ya watu ni hatari. Mbwa huihusisha adhabu na kile anachokifanya wakati huo huo, si na mkojo aliouacha robo saa iliyopita, na ndiyo maana kumsugua pua hakumfundishi chochote isipokuwa kuwaogopa. Ndala na ibaki mguuni.

Mtoto wa mbwa wa umri huo hawezi kubana mkojo kwa muda mrefu. Kadirio la kawaida ni saa moja kwa kila mwezi wa umri, yaani muda wa takriban saa tatu wakati wa mchana, na pungufu ya hapo anapokuwa anacheza. Basi msimsubiri akosee: mpelekeni mahali palipotengwa kila anapoamka, kila amalizapo kula au kucheza, na kabla ya kulala. Kwa kuwa mnaishi ghorofani, tandikeni magazeti kwenye trei huko roshani, pasipobadilishwa mahali, na mbakishe kipande kidogo chenye harufu yake ili apatambue. Akimaliza tu, msifuni na kumpa kijinyama papo hapo. Mkingoja mpaka mrudi jikoni, atadhani anapongezwa kwa kurudi jikoni. Pasipokuwa na mtu wa kumwangalia, asizurure nyumba nzima. Nyuma ya kochi paoshwe kwa sabuni, kisha kwa siki iliyochanganywa na maji, kwa sababu harufu ikibaki atarudi pale pale. Dawa za kusafishia zenye amonia ziepukwe, maana harufu yake inakaribiana na ya mkojo.

Kuhusu kubweka, mimi niko upande wa mbwa. Maltese amezalishwa kwa karne nyingi ili akae mapajani mwa watu, na kumwacha peke yake kutwa nzima katika umri huu ni kumwonea. Tafuteni mtu wa kumpitia mchana. Wakati huo huo mzoesheni kidogo kidogo: mtu atoke mlangoni kwa nusu dakika, arudi mbwa akiwa kimya, kisha muda uongezwe polepole kwa siku kadhaa, bila kuagana naye kwa mbwembwe.

Mchuzi wenu usitishwe leo, kwani kitunguu, hata kilichopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Mpeni chakula cha watoto wa mbwa mara nne kwa siku, kwa sababu mbwa mdogo hivi akikaa na njaa sukari mwilini hushuka haraka; mkimwona amelegea, anatetemeka au anayumba, mpakeni asali kwenye ufizi na kumkimbiza kwa daktari. Mkianza kutembea naye, kamba ifungwe kwenye mkanda wa kifuani, si shingoni, kwani koo la mbwa wadogo huumia kwa urahisi.

Chanjo ya kichaa cha mbwa imeshafikia wakati wake, nayo hurudiwa kila mwaka. Chanjo ya parvo, ugonjwa wa virusi unaoharisha na kuua watoto wa mbwa, hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka afikishe wiki 16. Kabla ya hapo mbebeni ngazini, asikanyage wanapopita mbwa msiowajua, kwa kuwa virusi vya parvo hudumu ardhini kwa miezi mingi. Kumbeba huko kutawafaa pia majirani Waislamu, ambao wakiguswa na mate ya mbwa hulazimika kujitoharisha kabla ya swala.